Lukio ndogo ya mashambani Finland: kila kitu bure, ila ulizia hisabati kwanza

Kila ikifika Februari simu yangu haitulii. Ni kina mama wenzangu tulioletwa Finland na kazi au na ndoa, wana watoto darasa la tisa, na swali lao ni lile lile: mtoto asome lukio ya hapa hapa kijijini au apelekwe mjini? Maombi ya pamoja hufunguliwa Februari na kufungwa Machi, majibu hutoka Juni, kwa hiyo kila mtu ana haraka. Nimechoka kurekodi sauti za WhatsApp huku nakunywa kahawa ya mapumziko kwa pupa. Naandika mara moja, na atakayeuliza nitamtumia hii.

Kwa aliye nyumbani asiyeijua: lukio ni sekondari ya juu, mfano wa kidato cha tano na sita, ila kwa kawaida ni miaka mitatu. Mwenzake ni shule ya ufundi, na mtoto huchagua kati ya hizo mbili akiwa na miaka kumi na tano au kumi na sita. Binti yangu aliingia lukio ya manispaa yetu Agosti 2022 na kuhitimu 2025. Mdogo wake amechagua ufundi. Ninachopima hapa ni huduma yote kama mzazi anavyoipokea: shule yenyewe, basi, vipindi vya mtandaoni, na ile ahadi ya serikali kwamba mtoto wa huku msituni atasoma sawasawa na wa Helsinki.

Jina la shule sitalitaja. Mji wenyewe ni mdogo kiasi kwamba nikieleza zaidi kidogo tu, watu watajua hadi rangi ya gari langu. Itoshe kusema ni Karelia Kaskazini, upande wa mpaka wa mashariki, na kufika Joensuu, mji mkubwa wa mkoa, kwa basi ni zaidi ya saa moja barabara ikiwa nzuri.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo habari ya idadi ya watu naiona kwa macho. Kwetu vitanda havitoshi. Chekechea ya ng'ambo ya barabara imegeuza chumba kimoja kuwa stoo. Mwaka 2010 Finland walizaliwa watoto 60,980. Mwaka 2023 wakazaliwa 43,383. Hao wa 2010 ndio wanaomaliza darasa la tisa mwaka huu wa 2026, na nyuma yao foleni inazidi kuwa fupi. Vijijini ilianza kufupika zamani, maana kijana akishavaa kofia nyeupe ya kuhitimu anaondoka, na watoto wake watazaliwa Tampere au Espoo.

Hapo ndipo shule inapobanwa. Serikali hulipa kwa kichwa cha mwanafunzi. Vichwa vikipungua, pesa inapungua, lakini mwalimu wa kemia hapunguziwi mshahara kwa sababu darasa lina watoto wanne, na jengo lile lile lazima lipashwe moto Januari. Lukio zenye wanafunzi chini ya 200 huongezewa kiwango kwa kila kichwa, na bila nyongeza hiyo sidhani kama yetu ingekuwapo leo. Hata hivyo kila baraza la manispaa likikaa na bajeti, lukio inarudi mezani. Tunajua mapema, kwa sababu wazee ninaowahudumia ni wazazi wa hao hao madiwani na hawana siri.

Nianze na kinachostahili sifa. Tangu Agosti 2021 elimu ya lazima huku inafika hadi miaka 18, na pamoja nayo mzazi ameondolewa gharama ya vitabu, kompyuta na ada ya mitihani mitano ya kuhitimu. Zamani chakula cha mchana kilikuwa bure lakini vitabu ulinunua mwenyewe, na wafanyakazi wenzangu wanasimulia kwamba mtoto mmoja aliwatoa zaidi ya euro 2,000 mpaka anamaliza. Mimi sikutoa senti. Siku ya kwanza binti alirudi na kompyuta mpakato begani na karatasi ya misimbo ya kufungulia vitabu vya kidijitali. Nilikaa nikisubiri bili. Haikuja. Kwa mama anayelipwa mshahara wa muuguzi msaidizi, tena anayetuma hela nyumbani kila mwezi, hilo si jambo dogo. Hapo naipa nyota zote.

Nauli nayo ni bure, ukiwa kilomita saba au zaidi kutoka shule. Sisi tuko mbali zaidi ya hapo mara kadhaa. Unajaza fomu ya Kela, shirika la taifa la hifadhi ya jamii, shule inathibitisha, tiketi inaingia kwenye kadi. Basi.

Ila basi lenyewe ndilo linaloamua maisha ya mtoto wa huku, na watu wa mjini hawalielewi hilo hata uwaeleze vipi. Liko moja asubuhi, saa moja kasoro robo. Desemba saa hizo ni giza totoro, theluji imefika magotini, na mtoto anasimama barabarani na kiakisi mwanga kinaning'inia kwenye koti ili dereva amwone. Dereva wetu ni mtu mwema, akikosa kumwona mtoto kituoni hupiga honi na kungoja kidogo. Huduma hiyo haimo kwenye ratiba yoyote. Jioni sasa: basi la kurudi limepangwa kufuata watoto wa shule ya msingi, kwa sababu wao ndio wengi na mkataba wa usafiri umefungwa kwa ajili yao. Lukio ikiwa na kipindi cha mwisho alasiri, mtoto ama anatoroka dakika ishirini kabla, ama anakaa maktaba akisubiri mama atoke zamu. Mwaka wa kwanza binti yangu aliacha kwaya kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo usidanganyike na tiketi ya bure. Tiketi ni karatasi. Omba uonyeshwe ratiba.

Sasa tufike kwenye kiini, na naomba uisome sehemu hii polepole.

Kwenye kijitabu cha shule na kwenye usiku wa wazazi utaambiwa: tunatoa masomo yote. Ni kweli, kwa namna yake. Lukio za Finland hazina madarasa ya mkondo mmoja. Kila mwanafunzi hujipangia kozi mpaka afikishe pointi 150, na mwaka umegawanywa vipande vya wiki chache, kila kipande kinaishia na wiki ya mitihani. Shule kubwa ya mjini hurudia kozi ile ile mara kadhaa kwa mwaka. Shule yetu kozi nyingine huitoa mwaka mmoja na kuiruka mwaka unaofuata. Ukiugua wiki hiyo, au ukianguka mtihani, unasubiri mwaka mzima au unajisomea peke yako.

Hisabati ziko mbili, fupi (ya kawaida) na ndefu (ya juu). Fupi inapata watoto wa kutosha popote. Ndefu ndiyo tatizo, na ndiyo yenye thamani: tangu 2020 vyuo vikuu hujaza zaidi ya nusu ya nafasi zao kwa kuangalia cheti cha mtihani wa kuhitimu, na mpaka 2025 hisabati ndefu ilileta pointi nyingi hata kwenye fani ambazo usingetarajia. Kwa hiyo mtoto ambaye lukio yake haina hisabati ndefu ya maana amefungiwa milango akiwa na miaka kumi na sita, na hakuna barua itakayomwambia hivyo.

Binti yangu alianza ndefu pamoja na wenzake tisa hivi. Kufika mwaka wa pili wamebaki wanne. Manispaa ikafanya kile ambacho manispaa nyingi za aina yake hufanya: ikaunganisha kundi letu na makundi ya lukio nyingine mbili, mwalimu mmoja, vipindi kwa video. Kwenye karatasi somo limeokolewa.

Niliomba ruhusa nikakaa nyuma ya darasa siku moja ya mapumziko yangu. Televisheni kubwa ukutani, kamera juu yake, maikrofoni ya duara katikati ya meza, watoto wanne wamekaa mbalimbali kama abiria wasiojuana. Mwalimu yuko lukio ya pili, na kule ana watoto wenye nyuso mbele yake. Sisi na shule ya tatu tulikuwa vijisanduku kwenye kona ya skrini yake. Anauliza, "Mmeelewa?" Walio mbele yake wanatikisa kichwa, anaendelea. Huku kwetu mmoja hakuelewa, anaandika swali la logi kwenye sehemu ya ujumbe, na mwalimu analiona ubao ukiwa umeshahamia mada nyingine. Hakuna aliyewasha maikrofoni. Vijana wa Finland si wasemaji hata ukiwa nao chumba kimoja; ukiwawekea na kitufe cha kubonyeza kabla ya kuongea, umewafunga mdomo kabisa. Binti yangu, ambaye nyumbani hanyamazi, naye alikuwa ameshakuwa Mfini.

Kwa kipindi kile mwalimu hakuwa na kosa. Alifundisha vizuri sana, kwa wale waliokuwa mbele yake.

Wazazi tuliandika kwenye Wilma, ile programu ya mawasiliano na shule, tukaitwa kikao. Nilitegemea kuambiwa bajeti haitoshi. Badala yake mkuu wa shule alikuja na mambo matatu ambayo hata mimi niliyapigia hesabu nikaona ni bei rahisi. Mwalimu akaanza kuzunguka, kila wiki anafundishia shule tofauti, kwa hiyo kila kundi linampata ana kwa ana kwa zamu na wengine ndio wanakuwa skrini. Gharama ni mafuta ya gari. Pili, mwalimu wa hesabu wa darasa la saba hadi la tisa, ambaye yumo jengo hilo hilo, akawekewa kipindi kimoja kwa wiki akae na wale wanne, asifundishe kipya, awasikilize tu wanapokwama.

Tatu ndiyo iliyonifurahisha. Ile kamera ndogo ya kumulika karatasi, ambayo hapo awali ilikuwa kwa mwalimu peke yake, ikanunuliwa na ya upande wa wanafunzi. Mtoto anaweka daftari lake chini yake, mwalimu aliye kilomita hamsini anaona mwandiko, anaona mstari wa tatu alama ya kutoa imedondoka. Kabla ya hapo walikuwa wanatuma jibu la mwisho, sahihi au si sahihi. Sasa mwalimu anaona njia. Binti alirudi siku hiyo akasema kosa lake la miezi miwili limepatikana kwa nusu dakika.

Ndiyo maana nikisikia watu wanabishana kuhusu "kuokoa lukio ya kijiji", huuliza wanaokoa nini hasa. Jengo letu liliokolewa tangu zamani, taa zinawaka, bendera inapandishwa. Hisabati ndefu ilikuwa inakufa ndani yake taratibu, na aliyeiokoa ni yule mwalimu wa darasa la saba aliyekaa na watoto wanne Alhamisi alasiri.

Na sisemi mtandaoni ni kubaya. Chukua Kifini kama lugha ya pili, somo la watoto wetu wahamiaji. Kwenye shule nzima binti yangu alikuwa peke yake. Mwanzo alipewa kitabu akaambiwa ajisomee maktaba, jambo lililonikera mpaka leo, kwa sababu ndilo somo la lazima kwenye mtihani wa kuhitimu na ndilo linalobeba masomo mengine yote. Baadaye akaingizwa kundi la mtandaoni la wanafunzi wahamiaji kutoka lukio mbalimbali, mwalimu wao amezoea hilo tu. Huko kila mtu alikuwa kijisanduku, hakuna aliyekaa mbele ya mwalimu, na wote wana aibu ya aina moja ya viambishi vya Kifini. Waliongea! Somo hilo mtandaoni lilikuwa bora kuliko ambavyo shule yetu ingeweza kulitoa hata ingepewa mwalimu. Nchi hii ina uzoefu wa mambo hayo. Nettilukio ya Otava, karibu na Mikkeli, inafundisha lukio kwa mtandao tangu miaka ya 1990.

Fizikia: nadharia kwa skrini, majaribio kwa kukusanywa siku nzima mara moja kila kozi kwenye maabara ya shule kubwa. Inatosha. Kiswidi, historia, biolojia zilikuwa na walimu wa hapa hapa, sina neno. Mwanasaikolojia wa shule anakuja siku moja kwa wiki na anahudumia shule kadhaa. Kama mwanao ana wasiwasi mwingi au halali, hilo lipime sana kabla hujaamua.

Upande wa pili wa udogo nao usemwe. Lukio zinazogombewa Helsinki hutaka wastani wa zaidi ya 9 kwenye mizani ya 4 hadi 10. Yetu, ukiwa na 7 na kitu umeingia, na mtoto ambaye Kifini chake kilichelewa akapata 7.4 si mjinga, amechelewa tu. Mshauri wa masomo alikuwa anamjua binti yangu kwa jina, anajua nafanya zamu za usiku, anajua tunakaa wapi. Alipoanza kukosa vipindi vya asubuhi nilipigiwa simu siku ya pili, si mwisho wa muhula. Rafiki yangu wa Vantaa mwanawe aliacha kwenda shule wiki kadhaa kabla mtu hajagutuka.

Na kuna penkkarit. Ni siku ya Februari ambapo wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanamaliza masomo na kwenda kujiandaa na mitihani. Wanavaa mavazi ya kuchekesha, wanapanda lori lenye mabango na kuzunguka mji wakirusha pipi. Mjini ni msafara wa malori. Kwetu lilikuwa lori moja, nusu tupu, lakini walinunua pipi kana kwamba wako mia. Tuliwatoa wazee nje na viti vyao vya magurudumu, mablanketi hadi kidevuni, na lori lilipofika mbele ya jengo letu likasimama kabisa. Vijana wakamwaga pipi zote zilizobaki. Bibi mmoja aliyekuwa hajasema neno wiki nzima alilalamika kwamba salmiakki, zile pipi nyeusi za chumvi, zimekwenda kwa jirani yake. Kesho yake ni dansi ya mwaka wa pili, magauni marefu na suti, na mwaka wa binti yangu wavulana hawakutosha, ikabidi wengine waazimwe kutoka shule ya ufundi. Walicheza vizuri, msinicheke.

Mtihani wa kuhitimu wenyewe ni sawa nchi nzima, siku ile ile, saa ile ile, na tangu 2019 masomo yote hufanywa kwa kompyuta. Masomo yasiyopungua matano, kila mtihani huchukua muda wa saa sita. Mtoto anaingia na chakula chake, nacho kinakaguliwa: lebo zote zibanduliwe, karatasi zinazochakarisha ziachwe nyumbani. Nilikaa usiku nikibandua stika kwenye ndizi na kumimina maji ya matunda kwenye chupa isiyo na maandishi. Msimamizi alikuwa jirani yetu. Hisabati ndefu alipata M, daraja la tatu kutoka juu, na sasa yuko Kuopio chuo kikuu. Wale wengine watatu nao walifaulu.

Mdogo wake nimemtaja mapema. Yeye anataka umeme. Tawi la shule ya ufundi lililokuwa karibu na sisi halina tena fani hiyo, wanafunzi walipungua mpaka ikahamishiwa mjini. Kwa hiyo akiwa na miaka kumi na sita amehamia bwenini. Bweni la shule halitozwi kodi, chumba ni kisafi, kuna msimamizi jioni. Lakini hufungwa mwisho wa wiki, basi Ijumaa jioni lazima awe ndani ya gari la kuja kwetu, na Jumapili arudi. Serikali ikisema elimu inafikika, na huyu naye wamemhesabu. Sawa, inafikika. Ila mimi mtoto wangu namwona siku mbili kwa wiki, na nyingine ni zamu yangu. Kwa mzazi aliyekulia shule za bweni hilo halitishi. Mimi mwenyewe nilisoma bweni. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa mia tano pamoja, na yeye jioni anakula tambi peke yake akiangalia simu.

Kuna jambo la pembeni ambalo ndugu zangu walio nyumbani wameniuliza sana siku hizi. Lukio ndogo zinatafuta wanafunzi kwa kila njia. Nyingine zimejenga jina kwa kitu kimoja, mfano Sotkamo na michezo ya theluji. Zipo manispaa zinazochangia leseni ya udereva kwa atakayekuja kusoma kwao. Wajapani nao wamepitia haya: Oki Dozen, sekondari ya juu ya kisiwani mkoa wa Shimane, ilikaribia kufungwa, ikaanza kupokea vijana kutoka bara, ikajaa tena. Hapa Finland baadhi ya lukio za vijijini zimepokea vijana kutoka mbali kama Vietnam na Myanmar, waliojifunza Kifini kabla ya kuja. Sasa mawakala wa kila aina wameona mwanya. Ukiambiwa na mtu "Finland sekondari ni bure, lete pesa ya maandalizi tu," tulia kwanza. Hiyo bure niliyoisifu juu, ya vitabu na kompyuta na nauli, imefungwa kwenye elimu ya lazima ya watoto wanaoishi hapa. Kijana anayekuja kwa kibali cha mwanafunzi atahitaji kodi, chakula cha jioni na cha Jumamosi, nguo za baridi, na mtu mzima wa kumpokea simu akiumwa usiku. Nimewaona wawili watatu mjini kwetu. Ni watoto wenye bidii mno. Pia nimewaona dukani wakihesabu sarafu.

Kama bado unaniuliza nikushauri: mtoto anayependa lugha, historia, au ambaye bado Kifini kinamsumbua na anahitaji watu wanaomjua, mwache kwenye lukio ndogo na usisikilize maneno ya watu. Anayetaka udaktari au uhandisi, nenda usiku wa wazazi ukiwa na daftari. Uliza hisabati ndefu mwaka wa pili itakuwa na mwalimu chumbani au skrini, na kama ni skrini, mwalimu anakaa upande gani na anazunguka au hazunguki. Uliza nani mtu mzima yuko na watoto wakati huo. Uliza mtoto akianguka kozi ya fizikia, itarudi lini. Wakikujibu kwa jina la mwalimu na siku ya wiki, kaa. Wakikujibu "tutaangalia," anza kutafuta chumba Joensuu.

Halafu uliza la basi siku ya mtihani wa kuhitimu. Mtihani huanza saa tatu asubuhi na kuisha saa tisa alasiri, na basi letu la mchana linaondoka saa nane na dakika arobaini. Hakuna aliyekuwa ameliona hilo mpaka mzazi mmoja akaliandika Wilma wiki moja kabla. Teksi ikapangwa, manispaa ikalipa, na tangu hapo imo kwenye ratiba ya kila Machi na Septemba.